Maumivu ya Hedhi Yanayochukua Miaka Kuaminiwa

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 2024, Njambi Koikai, mtangazaji na MC wa reggae ambaye Wakenya walimzoea kwa jina la Jahmby, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 38. Wengi walimfahamu kwanza kwa sauti yake redioni. Baadaye walimfahamu kwa ugonjwa wake, kwa kuwa aliamua kuusema hadharani bila kificho. Ulikuwa endometriosisi, uliomsumbua tangu akiwa msichana wa shule, na ambao hatimaye ulipanda hadi kifuani. Siku zake zilipofika, pafu lilisinyaa na pumzi ikawa ya shida. Mwaka 2018 watu walimchangia fedha kupitia mitandao ya kijamii, akasafirishwa hadi Atlanta nchini Marekani kufanyiwa upasuaji. Aliporudi nyumbani aliendelea kuwasemea wanawake wenzake mpaka nguvu zilipomwishia.

Waliofuatilia maisha yake hawakuumizwa na ukali wa ugonjwa peke yake. Waliumizwa pia na miaka iliyopita kabla ugonjwa huo haujatambuliwa, miaka ya kutoka hospitali moja kwenda nyingine akitibiwa hiki na kile, huku chanzo chenyewe kikiendelea kukua.

Yaliyompata Jahmby yalikuwa makali kuliko ya wengi, kwani ni wachache ambao ugonjwa huu huwafika kwenye mapafu. Kuchelewa kutambuliwa, hata hivyo, ni jambo la kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa endometriosisi inawapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, sawa na watu milioni 190 duniani kote. Nchini Uingereza, kamati ya wabunge iliyochunguza suala hili mwaka 2020 ilipokea majibu ya watu zaidi ya 10,000 na kukuta kwamba mgonjwa husubiri wastani wa miaka minane tangu dalili zianze hadi apewe jibu. Asilimia 58 walikuwa wamemwona daktari wao zaidi ya mara kumi. Mwaka 2024, chama cha wagonjwa cha nchi hiyo kilipopima tena, wastani ulikuwa umepanda hadi miaka minane na miezi kumi.

Hiyo ni Uingereza, ambako mtu ana daktari wake wa karibu na halipii kumwona. Kwa msichana wa Tandahimba au wa Garissa, ambaye kumwona daktari bingwa wa wanawake kunadai nauli, siku nzima ya foleni na pesa ya kipimo, ni rahisi kukisia safari yake itakuwaje.

Mtu akisikia haya hufikiri kwamba tatizo ni mashine na wapasuaji wachache. Ni wachache kweli. Lakini ukiifuatilia safari ya mgonjwa kituo kwa kituo, unagundua kwamba miaka mingi hupotea mapema zaidi, mahali ambapo mashine haihitajiki hata kidogo. Hupotea chumbani nyumbani, bwenini shuleni na mbele ya meza ya tabibu wa zahanati, kwa sababu mwenye maumivu haulizwi maswali yanayostahili, na akijieleza haaminiwi.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini unaojijenga kila mwezi kuisubiri mimba. Mimba isipotunga, utando huo humomonyoka na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu zinazofanana na utando huo huota pasipo pake. Huweza kuota kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu cha mkojo, na mara chache mbali zaidi, kama ilivyokuwa kwa Jahmby.

Popote zilipo, tishu hizo huzitii homoni zilezile. Mwezi ukifika nazo huvimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina njia ya kutokea. Ni kidonda kinachotoneshwa kila mwezi. Mwili hujihami kwa kufanya makovu, na makovu hayo huweza kugandisha viungo vilivyopaswa kuteleza kwa uhuru, utumbo ukanasa kwenye mji wa mimba, au ovari ikanasa nyuma yake. Kwenye ovari, damu iliyokaa muda mrefu hujaza vifuko vyenye majimaji mazito ya rangi ya kahawia.

Chanzo chake hakijafahamika chote. John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York, alieleza mwaka 1927 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika ndani ya nyonga, ikibeba chembe hai zinazojipandikiza huko. Maelezo yake bado yana uzito, lakini hayatoshi, maana damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi na wengi wao hawaugui. Kinachojulikana wazi ni kuwa ugonjwa hutembea katika familia. Aliye na mama au dada mgonjwa yuko katika hatari kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wagonjwa na hata wahudumu. Wingi wa ugonjwa hauendi sambamba na wingi wa maumivu. Mwanamke mwenye vidoa vichache tu anaweza kugaagaa sakafuni, na mwenzake ambaye nyonga yake imejaa makovu asijue kitu mpaka siku atakapotafuta mtoto akakosa.

"Hata mimi nilikuwa hivyo"

Safari huanzia nyumbani. Binti wa miaka 13 au 14 anajikunja kitandani, anatapika, jasho jembamba linamtoka. Mama anamkandia kiuno kwa maji ya moto na kumpa chai ya tangawizi. "Vumilia mwanangu, ndiyo ukubwa huo. Hata mimi nilikuwa hivyo, na bibi yako vilevile. Ukishazaa, tumbo litaacha."

Ni maneno ya upendo, na mama anayasema akiwa na nia ya kumpunguzia mtoto hofu. Lakini daktari makini akiyasikia angekaa wima. Kwa kuwa ugonjwa huu hurithiwa, kauli ya kwamba bibi, mama na binti wote waliteseka vivyo hivyo ni dalili yenye uzito. Kilichochukuliwa kuwa ushahidi kwamba hali ni ya kawaida kinaweza kuwa ushahidi kwamba kuna ugonjwa katika ukoo ambao haujawahi kutazamwa. Nayo ahadi ya kwamba kuzaa kutamaliza kila kitu haina msingi. Baadhi hupata nafuu wakati wa ujauzito, kisha maumivu hurudi.

Maumivu ya kawaida ya hedhi yapo. Husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mji wa mimba ukaze misuli ili utoe damu. Huanza karibu na siku ya kwanza ya damu, hudumu siku mbili tatu, na kwa kawaida hutulia kwa ibuprofeni au dawa za jamii yake. Mashaka yanapaswa kuanza pale maumivu yanapotangulia damu kwa siku kadhaa, yanapobaki baada ya damu kukatika, yanapokaidi dawa, yanapomfanya binti akose masomo mwezi baada ya mwezi, au yanapoambatana na uchungu wakati wa kwenda haja.

Katika jamii nyingi za pwani, mwali alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akafundishwa usafi, adabu na namna ya kuificha damu. Mafunzo hayo yalimpa msichana mtu mzima wa kumwendea asiyekuwa mama yake, na hilo lilikuwa na thamani kubwa. Lakini sehemu kubwa ya fundisho ilikuwa usiri, na usiri huo huo ndio unaomfanya binti wa leo ashindwe kumwambia shangazi yake kwamba anaumia akienda chooni.

Shuleni hali ni ngumu zaidi. Mwezi wa kwanza matroni atampa panadoli mbili na ruhusa ya kulala. Mwezi wa pili vilevile. Ikifika mara ya nne, walimu wanaanza kuuona uvivu, au ujanja wa kukwepa jaribio la hisabati. Wenzake nao hujiuliza mbona wao wanastahimili. Msichana hujifunza kukaa darasani akiwa amekunja ngumi chini ya dawati, na hapo dalili hupotea machoni pa watu wote waliokuwa na nafasi ya kuiona.

Si kwamba nchi zetu hazijaijali hedhi. Kenya iliondoa kodi ya taulo za kike mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wanafunzi taulo bila malipo. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata, na mjadala wake ukatikisa bunge na magazeti. Mijadala hiyo ilikuwa ya lazima na imewasaidia wasichana wengi. Lakini ilihusu damu na namna ya kuisitiri. Maumivu yalibaki pembeni. Msichana anaweza kuwa na taulo za kutosha begini na bado akakosa shule siku nne kila mwezi.

Daftari la mgonjwa

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, rekodi ya mgonjwa ni daftari la shule analotembea nalo mwenyewe. Tabibu huandika tarehe, malalamiko, kipimo na dawa, kisha humrudishia. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi ambayo haijatambuliwa, kurasa hizo husomeka kwa namna inayofanana: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kisha PID (maambukizi ya nyonga), kisha taifodi, kisha PID tena, vidonda vya tumbo, UTI sugu. Daftari likijaa au kulowa mvua hununuliwa jipya, na ya nyuma yanasahaulika. Kila ziara inakuwa ugonjwa mpya.

Lakini funika majina ya magonjwa kwa kiganja na usome tarehe peke yake. Mara nyingi zinapishana kwa wiki nne, au wiki nane, au kumi na mbili. Mpangilio huo ni ushahidi tosha wa kumfanya mtu ashuku, na umekaa kwenye karatasi ambayo kila mhudumu ameishika mkononi.

Kwa nini PID hujirudia hivyo? Kwa miongo kadhaa, vituo vya afya katika nchi zenye maabara chache vimefundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili. Mwanamke anayelalamika maumivu ya chini ya tumbo, akiguswa akashtuka, hutibiwa maambukizi ya nyonga bila kusubiri majibu ya maabara. Hupigwa sindano ya antibaiotiki na kupewa vidonge vya doksisaiklini na metronidazoli. Utaratibu huu una sababu nzuri. Maambukizi yakicheleweshwa huziba mirija ya uzazi, na mwanamke aliyerudishwa nyumbani kusubiri majibu huenda asionekane tena. Umeokoa uzazi wa wengi.

Unavyofanya kazi kwa mwenye endometriosisi ni kinyume. Anameza dozi, siku za hedhi zinapita, maumivu yanapungua kwa sababu mwezi umekwisha, na yeye pamoja na tabibu wake wanaamini dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata maumivu yanarudi, na maelezo ya karibu ni kwamba ameambukizwa upya.

Hapo madhara yanavuka mwili. PID kwa watu wengi ina maana moja tu, kwamba kuna mtu ametoka nje ya ndoa. Mume anaitwa kituoni naye atibiwe. Anajua hajakosea, au anajua amekosea, na vyovyote iwavyo nyumba inaingia moto. Kwa msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume, kuandikiwa ugonjwa huo mbele ya mama yake ni kuvunjiwa heshima bila kosa.

Hospitali ikishindwa, yapo maelezo mengine yanayosubiri. Mitaani ataambiwa ana chango la uzazi, na muuza dawa atamfungia mizizi ya kuchemsha. Mwingine atamwambia ni jini mahaba asiyetaka apate mume. Siku hizi matangazo ya dawa za kusafisha kizazi humfuata hadi kwenye simu. Hakuna sababu ya kumcheka anayekwenda huko. Huko anasikilizwa kwa saa nzima, anaulizwa kuhusu ndoa yake, usingizi wake na mama yake, na anaambiwa kwa uhakika kwamba anaumwa kweli. Hospitali ilimpa dakika tano.

Altrasaundi isiyoona kitu

Atakayefaulu kupewa rufaa ataagizwa altrasaundi. Kama hajaolewa, atanyweshwa maji mengi kibofu kijae na kupimwa juu ya tumbo, kwa kuwa kipimo cha kupitia ukeni hakifanywi kwa bikira. Kipimo cha juu ya tumbo huonesha vizuri vimbe za kizazi na vifuko vikubwa vya ovari. Vidoa vidogo vya endometriosisi vilivyosambaa juu ya utando wa nyonga havionekani. Hata kile cha ukeni kinahitaji mpimaji aliyefundishwa hasa kutafuta ugonjwa huu, atazame kama ovari inateleza au imenasa, na kama utumbo umeshikana na mji wa mimba.

Majibu yanatoka kwenye bahasha: kila kitu kiko sawa. Kwa aliyetarajia kupata jina la mateso yake, sentensi hiyo huuma kuliko habari mbaya. Ndugu waliomchangia pesa ya kipimo wanaanza kutazamana. Mwajiri anaona alikuwa akijisingizia. Naye mwenyewe anaanza kujiuliza kama yuko timamu.

Kitaalamu, altrasaundi safi haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Hilo limeandikwa wazi katika mwongozo uliotolewa Februari 2022 na jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ESHRE. Hata kipimo cha damu kiitwacho CA-125, ambacho baadhi ya wagonjwa hulipishwa wakiambiwa kitatoa uhakika, hakitegemewi kuthibitisha wala kuuondoa ugonjwa huu.

Waliodhaniwa hawaugui

Kutoaminiwa huku kuna historia. Hilary Mantel, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyekuja kushinda tuzo ya Booker mara mbili, alianza kulalamika maumivu akiwa kijana. Madaktari walimwona mwenye matatizo ya akili, wakampa dawa za magonjwa hayo. Alipohamia Botswana na mumewe mwishoni mwa miaka ya 1970, alisoma kitabu cha udaktari na kuzikuta dalili zake zote zimeandikwa humo. Alijitambua mwenyewe, kwa kusoma. Aliporudi London akapasuliwa, alikuwa na miaka 27, na ugonjwa ulikuwa umeharibu kiasi kwamba aliondolewa mji wa mimba na ovari.

Mantel alikuwa mzungu na msomi. Kwa wanawake weusi lilikuwepo pazia la pili. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vya udaktari vya Marekani viliuhesabu huu kuwa ugonjwa wa wanawake weupe wenye kazi nzuri waliochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu yaleyale alionekana kuwa na PID. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alichapisha matokeo yaliyoitikisa imani hiyo. Alipochungulia kwa kamera ndani ya nyonga za wagonjwa wake weusi walioambiwa wana PID, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi.

Karibu miaka hamsini imepita, na athari za imani hiyo hazijafutika. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba uwezekano wa mwanamke mweusi kuandikiwa endometriosisi ni takribani nusu ya ule wa mwanamke mweupe. Hakuna sababu nzuri ya kuamini kwamba miili yao imekingwa. Ugonjwa usipotafutwa haupatikani, na usipopatikana huandikwa kuwa nadra. Wauguzi na madaktari wengi wa Afrika Mashariki walifundishwa kwa vitabu vilivyoandikwa katika mkondo huohuo, na kosa lililogunduliwa Chicago ndilo linalojirudia kwenye madaftari ya zahanati zetu.

Mpaka mtoto akosekane

Kwa wanawake wengi wa ukanda huu, jibu hupatikana kwa sababu nyingine kabisa. Wanaolewa, mwaka wa kwanza na wa pili unapita, mtoto hakuna. Hapo kila mtu anapata nguvu. Mwanamke ambaye hakusikilizwa alipolia maumivu kwa miaka kumi na tano anaitishiwa kikao cha ukoo kwa sababu ya mtoto. Pesa ya daktari bingwa ambayo haikuwepo inapatikana, hata kwa kuuza ng'ombe. Makadirio yanayotumiwa sana yanasema kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye endometriosisi hupata shida ya kushika mimba, na kliniki za uzazi ndiko wengi husikia jina la ugonjwa wao kwa mara ya kwanza.

Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001 aliyefanya kazi ya uanamitindo New York, ndiye aliyewafanya Watanzania wengi walisikie jina hilo. Alieleza wazi kwamba aliumwa tangu usichana na kupasuliwa zaidi ya mara kumi, akaanzisha taasisi ya kuelimisha wasichana. Julai 2017 alijifungua mtoto wa kiume, na picha zake ziliwapa moyo wengi waliokwisha kukata tamaa. Ushuhuda wake una thamani kwa sababu nyingine pia. Alisema maumivu yenyewe yalistahili tiba tangu mwanzo, kabla swali la mtoto halijafika.

Tiba ipo, ingawa hakuna inayoung'oa ugonjwa moja kwa moja. Zipo dawa za kutuliza maumivu zinazoanzwa mapema kabla hayajashika kasi. Zipo dawa za homoni, kama vidonge vya uzazi wa mpango, projestojeni na kitanzi chenye homoni, zinazopunguza au kusimamisha hedhi ili tishu zisichokozwe. Upo upasuaji wa matundu madogo wa kuondoa vidoa na kuachanisha viungo vilivyoshikana, unaofanyika zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Kutoa kizazi, ambako wengine hushauriwa haraka, hakuhakikishi kwamba maumivu yatakoma.

Dawa za homoni hukutana na kikwazo cha hapa kwetu. Mama anayeambiwa binti yake wa miaka 16 ameze vidonge vya uzazi wa mpango husikia mambo mawili: kwamba mtoto wake amehesabiwa mhuni, na kwamba kizazi chake kitaharibika. Yote mawili si kweli. Vidonge vikiachwa, uwezo wa kushika mimba hurudi. Kinachotishia uzazi wa binti huyo zaidi ni kuacha ugonjwa ukijijenga. Lakini mama anahitaji kuelezwa hayo kwa subira na heshima, na mtu anayemwamini, pengine muuguzi wa makamo aliyewahi kumzalisha.

Kinachoweza kufupisha safari

Zamani ilishikiliwa kwamba ugonjwa hauthibitiki mpaka mgonjwa apasuliwe na kamera iingizwe nyongani. Sharti hilo peke yake lilikuwa likimeza miaka. Mwongozo wa ESHRE wa 2022 umelilegeza. Upasuaji wa uchunguzi sasa umebakizwa kwa wale ambao vipimo vya picha havikuonesha kitu, au ambao dawa hazikuwasaidia au haziwafai. WHO nayo inakubali kwamba dalili zinatosha kumfanya mhudumu ashuku na kuanza tiba. Kwa nchi zenye wapasuaji wachache, mabadiliko haya ni habari kubwa. Maana yake ni kwamba msichana wa Tandahimba anaweza kuanzishiwa matibabu wilayani kwake bila kusubiri kitanda cha upasuaji Dar es Salaam.

Serikali chache zimelichukua jambo hili kwa uzito wake. Australia ilitoa mpango wa kitaifa wa endometriosisi mwaka 2018. Ufaransa ilifuata mwaka 2022, Rais Emmanuel Macron alipotangaza mkakati na kusisitiza kwamba tatizo ni la jamii nzima, si la wanawake pekee. Huko Ufaransa sasa kuna kipimo cha mate kinachotolewa kwa utaratibu maalumu wakati kikiendelea kutathminiwa. Hapa Afrika Mashariki, vyama vya wagonjwa vimefanya kazi kubwa kwa rasilimali ndogo, na kila Machi huvaa njano na kutembea barabarani kuutangaza ugonjwa huu.

Mwenye maumivu anaweza kuanza mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Aandike siku damu ilipoanza na kukoma, siku maumivu yalipokuja, yalikaa wapi, alikosa nini, alimeza dawa gani na ilisaidia kwa kiasi gani. Aandike pia kama haja kubwa, mkojo au tendo la ndoa vilimuuma, maana hayo ndiyo watu huona haya kuyasema na ndiyo daktari anayahitaji zaidi. Miezi mitatu ya maandishi hayo humpa tabibu kile ambacho altrasaundi haikumpa. Na mama, dada au mume akifuatana naye, athibitishe aliyoyaona kwa macho yake.

Kazi kubwa zaidi iko kwa wizara za afya, na haihitaji mashine mpya. Miongozo ya kutibu maumivu ya chini ya tumbo hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Inapopitiwa, sehemu ya PID iandamane na maswali ya lazima kabla sindano haijachomwa: maumivu haya hurudi kila mwezi? Ulishatibiwa PID mara ngapi? Ulipona? Kuna ndugu yako wa kike anayeumwa hivi? Mgonjwa anayejibu kwamba hii ni dozi ya tatu mwaka huu, na kwamba maumivu hufuata siku zake, asipewe ya nne. Aandikiwe kwenye daftari lake kwamba anashukiwa kuwa na endometriosisi, aanzishiwe tiba ya kutuliza, na apewe rufaa yenye jina hilo ili daktari wa hospitali ya wilaya aanzie hapo, badala ya kuanza upya na kipimo cha mkojo.